Kwao Wanaiita Tufani

Mwanamke alikataa kuingia. Alisimama mlangoni mwa ghala, nguo imemganda mwilini, akipiga kelele kuelekea barabarani: "Tufani! Tufani!"

"Tumesikia, dada! Ingia basi!" mtunza ghala alimjibu, mkono kwenye komeo. Nyuma yake mtaa mzima ulikuwa umejibanza juu ya magunia ya mbolea. Safari iliyopita huruma ilimchelewesha kufunga. Upepo ukapenya, ukang'oa paa, na ndugu yake wa tumbo moja akabaki chini ya mabati. Safari hii alikuwa ameapa.

Ndani watu walikuwa wanabishana, maana binadamu hata akiwa roho mkononi lazima abishane. Seremala alisema kinachokuja ni kimbunga. Mwalimu mstaafu akasema wapi, hiyo ni dhoruba. Kwao kimbunga ni kile kinachozungusha vumbi na kuondoka na nguo zilizoanikwa.

"Na huyu dada je?"

"Kwao wanaiita tufani," mwalimu alisema. "Kila watu na neno lao."

Nje kulikuwa kweusi tii. Bati la kibanda cha jirani liliruka, likakata barabara. Mtunza ghala hakungoja tena. Alimkamata mwanamke mkono, seremala akamshika kiuno, wakamburuta ndani huku akiwauma na kuwapiga mateke. Sauti ilikuwa imemkauka, na mvua juu ya mabati ilimeza karibu yote aliyosema.

"Tufani yuko nje!"

"Iko," mwalimu alimsahihisha. "Tufani iko nje."

Watu wakacheka, kicheko cha woga.

Komeo likaingia. Seremala akapigilia mbao mbili juu yake kwa misumari mirefu. Mwanamke aliitazama nyundo ikipanda na kushuka, kisha akaanguka, akazimia.

"Woga mbaya jamani," mtu mmoja alisema.

Mtunza ghala alimfunika kwa gunia tupu. Alijisikia mwepesi, kwa mara ya kwanza tangu msiba ule. Hakuacha mtu nje.

Kisha upepo ukatulia kidogo. Mlango uligongwa, chini kabisa, usawa wa goti.

"Mama? Mimi Tufani. Nimekusikia ukiniita."