Tundu la Deraya

Fundi Sikudhani alikaza mkanda wa mwisho, akarudi nyuma kuitazama deraya aliyoishona kwa magamba ya joka. Ilimkaa vizuri Mwanasiti, binti aliyechaguliwa kwenda kupambana na jike la joka hilo, lililokuwa bado hai mlimani. Ila kifuani, upande wa kushoto, palikuwa na tundu lenye upana wa kikombe cha kahawa. Hapo ndipo mkuki ulipoingia joka likafa.

"Lizibe, dada yangu," mama yake Mwanasiti akasihi. "Magamba yamebaki tele."

"Tundu lililoua halizibwi. Desturi unaijua."

"Basi si ungelipeleka mgongoni!"

"Mgongoni asingeliona." Fundi aliinama, akaanza kuokota sindano zake. "Mumeo alizibiwa lake na fundi mwingine. Akajiona hafi. Akasogea karibu mno."

Mama alimwendea bintiye, akaweka kiganja juu ya lile tundu, kikalifunika lote. Magamba yalikuwa ya baridi kama mawe ya kisimani, lakini pale katikati palikuwa na joto, na moyo ulikuwa unakwenda mbio chini ya kanzu.

Nje, baragumu likalia kwenye lango la mji.

"Mama, nipishe," Mwanasiti akasema kwa sauti ya chini.

Kiganja hakikusogea, na Mwanasiti naye hakukiondoa.