Breki za Kipkemei

Hadiya alimwaga maji machafu ya vyombo miguuni mwa mgeni kabla hajamaliza kuisukuma pikipiki yake ndani ya ua. Suruali ya mgeni ililowa hadi magotini. Hakuruka wala hakujipangusa.

"Habari ya hapa, Mama Nuria," alisema.

"Usinitajie jina hilo."

Mgeni aliitwa Kipkemei. Kazi yake ilikuwa kuleta mayai sokoni Nakuru kutoka mashamba ya Solai, kwa pikipiki aliyoachiwa na mzungu wake aliyerudi Ulaya. Mwaka uliotangulia, 1955, alikuwa ameteremka mtaa wa Bondeni akamgonga Nuria, mtoto wa pekee wa Hadiya, aliyekuwa akienda chuoni na msahafu kwapani. Nuria alikuwa na miaka saba. Hakufika hospitali.

Kortini hakimu alitaka kujua kama pikipiki ilikuwa na kasoro yoyote. Kipkemei aligeuka akalitazama benchi walilokalia wafiwa, kisha akajibu kwamba hapana, alikuwa akienda mbio tu. Alifungwa miezi tisa. Hadiya hakuyasahau macho yale. Aliyaona ya mtu mwenye dharau.

Sasa ametoka, na aliyemwita hapa ni Muhidin, mume wa Hadiya, fundi wa pikipiki. Alimpelekea ujumbe sokoni kwamba alete pikipiki yake, afungiwe breki kubwa zaidi, na asije na hata senti. Bondeni nzima ilipozisikia habari hizo, watu walitazamana tu. Hadiya naye hakuuliza kitu. Baba amemwita aliyemuua mwanawe aje atengenezewe breki. Ni nani asiyejua maana yake? Wiki hiyo chakula kilimpita kooni, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Lakini kazi ilipoanza, hakuielewa. Muhidin alilitoa gurudumu la mbele akaliweka kando, akafunga jingine lenye breki pana, lililotoka kwenye pikipiki kuukuu ya jeshi. Alisugua kutu. Alitia waya mpya. Alipima, akafungua, akapima tena, jasho likimtiririka puani kama mtu anayelima. Kipkemei aliketi juu ya debe karibu na lango, na kila jirani aliyepita alitema mate.

Adhuhuri Hadiya alimvuta mumewe jikoni. Alimuuliza anangoja nini. Alimkumbusha ule mteremko wa kutoka Bahati anaoushuka Kipkemei na mayai yake, na jinsi breki ikimkataa mtu pale hakuna atakayeuliza sana.

"Niache nimalize," Muhidin alisema.

"Basi wewe si baba."

Muhidin alinawa uso, akarudi kwenye kazi yake.

Alasiri Muhidin alikwenda msikitini, na Kipkemei akatoka kununua sigara. Hadiya akachukua spana. Miaka kumi ya kuishi na fundi ilikuwa imemfundisha ya kutosha. Alipiga magoti mbele ya gurudumu, akaitafuta nati inayoushika waya wa breki, akailegeza mpaka ikazunguka kwa kidole kimoja. Kisha akajifuta grisi kwa leso, akaketi mlangoni na ungo, akaanza kuchambua mchele.

Muhidin aliporudi, Kipkemei akiwa bado hajafika, alichuchumaa akaanza kuzikagua nati moja baada ya nyingine, ingawa alikuwa amezikagua zote kabla ya kuondoka. Alipofika kwenye ile, mkono wake ulisimama. Alipoinua uso ulikuwa umepauka kama wa mgonjwa.

"Ni mimi," Hadiya alisema. Hakuyakwepesha macho yake. "Umeshindwa wewe, nimefanya mimi. Ukiikaza hiyo, leo hii nakwenda kwetu, na usitume mtu kunifuata."

Muhidin aliiokota spana. Akaikaza nati polepole, mpaka mishipa ya mkono ikamtoka.

Hadiya aliinuka, ungo ukamponyoka, mchele ukatapakaa kote uani. Alimwambia mumewe kwamba amemzika Nuria mara ya pili. Alimuuliza ni mwanamume gani anayeweza kumtumikia mtu aliyemuua mtoto wake kwa mbio zake, tena akakiri mwenyewe mbele ya hakimu.

"Hakuwa na mbio," Muhidin alisema. Hakuweza kumtazama. "Asubuhi ile, kabla hujaamka, alipita hapa nimrekebishie breki. Nati kama hii, nilisahau kuikaza."