Daraja la Kamba

Tangu waoane, Shomari hutangulia, mkewe Mwanahawa akafuata nyuma kama vile hawajuani. Hata huku mlimani walikokuja kutembea uzeeni, alitangulia yeye, kifua mbele, mpaka kwenye daraja la kamba lililoning'inia juu ya korongo. Hapo akafumba macho, akanyoosha mkono nyuma.

"Mama Rehema, nishike. Na usicheke."

"Nani anacheka?"

Mwanahawa akapita mbele, akaukamata ule mkono, wa baridi. Miaka yote alikuwa akiutazama tu kwa nyuma. Akamwongoza polepole hadi ng'ambo, kwenye njia pana yenye nyasi.

"Tumevuka?"

"Bado, Baba Rehema. Usifumbue."

Mbuzi wakawatazama wakipita. Ardhi ilikuwa imetulia kabisa chini ya miguu yao, na Shomari hakufumbua.