Kitabu cha Kogo Edinah

Gibson alikataa katakata kuweka mkono juu ya kitabu kabla hakijasomwa.

"Siwezi kula kiapo kwa kitu sielewi," alisema. "Kisomwe kwanza, kila mtu asikie. Ndiyo maana nimemleta huyu daktari wa vitabu."

Daktari wa vitabu alikuwa Mokaya, mtu wa maktaba kutoka Nairobi, mwembamba, miwani nene, moyo laini kama siagi iliyosahaulika juani. Alikuwa amesoma Irani miaka minne, na Kiajemi alikijua kuliko Kikisii cha nyanyake. Gibson alipomtumia picha ya ukurasa mmoja kwa WhatsApp, aliacha chakula mezani akaenda kutafuta gari la Kericho.

Na sasa kitabu chenyewe kilikuwa mbele yake, uani kwa Edinah, ambaye kijiji kizima kilimwita Kogo, yaani nyanya, kimelazwa juu ya aproni ya plastiki ya kuchumia chai. Mashairi ya Kiajemi, yamepigwa chapa kwa mashine ya mkono, nakala hamsini tu dunia nzima. Kila nakala ilichorwa kwa mkono ukurasa baada ya ukurasa: ndege, makomamanga, maua, na dhahabu halisi pembeni. Mokaya alikuwa amesoma habari zake kwenye orodha za vitabu adimu tu. Akaomba maji ya kunawa.

Pale kijijini, lakini, hakuna aliyejua mambo ya mashairi. Edinah alipewa kitabu hicho na memsahibu wa shamba kubwa la chai, ambaye Edinah alimlelea watoto miaka mingi. Watu walipoona maandishi yale na dhahabu ile, wakaamua wenyewe kwamba hiki ni kitabu cha kiapo. Mwizi mmoja wa maziwa aliapa juu yake kwa uongo, na wiki hiyohiyo ng'ombe akampiga teke, meno mawili chini. Basi, ikawa imekwisha. Tangu hapo, kesi ikishinda wazee, inapelekwa kwa Edinah.

Safari hii kesi ilikuwa ya Edinah mwenyewe. Kulikuwa na laini tatu za chai kati ya shamba lake na la Gibson. Edinah alizichuma, Gibson akasema ni zake. Bikoni, lile jiwe la mpaka, ilionyesha kuwa ni za Edinah; Gibson akasema bikoni haiko mahali pake. Mpima ardhi alikuwa ameitwa mara mbili na mara zote mbili mvua ikamrudisha njiani, au ndivyo alivyosema. Janeffer, naibu wa chifu, akaona heri kitabu kiamue.

"Gibson akiapa, achukue laini zake," Janeffer alisema. "Asipoapa, hii maneno iishe leo."

"Na Kogo naye aape," akasema Gibson.

"Mimi ndiye mwenye kitabu," Edinah akamjibu taratibu. "Umeona wapi refa akipiga penalti?"

Watu wakacheka, ikapita hivyo.

Gibson hakucheka. "Baba alinionyesha bikoni ikiwa huko chini kidogo, lakini nilikuwa mtoto. Naweza kukosea, na niko na watoto wanne. Ndiyo nasema nijue kwanza naapa kwa kitu gani."

Mokaya alimtazama. Gambuti mpya, pikapu imeegeshwa langoni. Akamtazama Edinah, mjane. Sweta imetoboka viwiko, na bado alikuwa amemkaribisha mgeni kwa mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, kabla hata hajamuuliza jina. Hayo maneno ya naweza kukosea yalimuudhi sana. Mwenye haki anahitaji kusomewa nini? Anaapa tu.

Akainama kwenye ukurasa. Ulikuwa wimbo wa mlevi aliyetoka kwa mpenzi wake akapoteza kiatu kimoja njiani, na sasa analaumu mwezi. Mokaya alijua vizuri kitakachotokea akilisema hilo: Gibson atacheka, ataapa bila wasiwasi, na bibi huyu atabaki akiangalia chai yake ikichumwa na wengine. Akaona uchungu hata kabla halijatokea.

Akakohoa. Akasoma Kiajemi kwa sauti nzito, polepole, kiatu na mwezi na vyote.

"Sasa kwa Kiswahili," alisema Janeffer.

Mokaya akavua miwani. "Inasema, anayeapia ardhi asiyokuwa na hakika nayo, mimea yake itakauka kuanzia mizizini, na nyumbani kwake hakutapigwa vigelegele."

Gibson akavua kofia. "Hapo pa hakika," aliuliza, "soma tena."

Mokaya akasoma tena. Mara ya pili ilimtoka vizuri zaidi.

"Basi," Gibson akasema, na macho yalikuwa yamemlowa. "Sina hakika ya hivyo. Kogo achume." Akampa Edinah mkono kwa heshima, akaenda zake.

Watu walipotawanyika, Edinah alimwita Mokaya jikoni, akammiminia chai. Mokaya alikuwa na furaha, kisha akaanza kuona aibu. Hakuwa mtu wa uongo, na ule ulikuwa mkubwa, tena mbele ya serikali.

"Mama, lazima nikuambie," alisema. "Yale maneno hayamo kitabuni. Nilitunga."

"Najua. Pale ni mlevi na kiatu chake. Memsahibu alinisomea chote, tukacheka mpaka machozi." Edinah akamsogezea sukari. "Usihuzunike, kijana wangu. Wewe umesogeza maneno tu. Bikoni niliisogeza mimi, siku watu wote walikuwa kwa mazishi ya babake Gibson."