Buibui wa Hildegarda

Mzee Oswald alinyunyiza majivu kulizunguka sanduku, akayasawazisha kwa ufagio, akaurudishia mlango wa chumba chake bila kuufunga. Kisha akabeba jembe na kuondoka kwenda shamba la kijiji kama watu wengine.

Aliporudi alasiri, majivu yalikuwa na nyayo. Nyayo nyembamba, za miguu mitupu. Na nyumba ile walikaa wawili tu: yeye na Marselina, mke wa mwanawe.

Alipiga magoti akachungulia kwenye wavu wa sanduku. Ndani, juu ya gome la mti lililosimamishwa, alikaa buibui mwenye manyoya, mkubwa kama kiganja cha mtoto. Tumbo lilikuwa limesinyaa. Mzee alichovya unyoya wa kuku kwenye maji, akamdondoshea tone mbele ya mdomo. Buibui alinyanyua miguu ya mbele kwa hasira.

"Hata mimi hunijui tena," mzee alinong'ona.

Alikuwa buibui wa marehemu mkewe, Hildegarda. Mama huyo alimkuta ndani ya gogo la kuni, akawakataza watu wasimuue. Alimfuga miaka sita kwa panzi na mende, mpaka buibui akawa anatembea mkononi mwake taratibu, kama mtu mzima anayekwenda misa. Oswald alikuwa akimcheka mkewe. Hildegarda alipofariki kicheko kikaisha, na yeye ndiye akawa mtega panzi.

Shida ilianza mwaka huo wa sabini na nne, walipohamishiwa kijiji kipya karibu na Chanzuru. Sanduku lilipigwa jua juu ya lori tangu asubuhi hadi saa tisa, lori likizunguka kukusanya watu wa vijiji vingine. Walipofika, buibui alikuwa amelala, hajitikisi. Mzee hakula siku mbili.

"Huyu akifa," alimwambia Marselina, "nitabaki na nini cha mama yenu?"

Siku ya tatu buibui aliamka, ana nguvu tele. Mzee alishukuru Mungu, akala ugali. Lakini afya ile haikudumu. Leo mzima, baada ya wiki chache amesinyaa, halafu ghafla mzima tena. Rangi yake ya majani makavu iliingia weusi, kisha weusi ukapotea. Siku moja alimuuma mzee kidole, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu afugwe. Mzee aliliwaza hilo kwenye palizi, akaliwaza tena kwenye foleni ya maji. Ugonjwa wa kawaida hauendi hivyo. Kuna mtu anampa kitu.

Nani, kama si Marselina? Siku ya kwanza alipomwona buibui yule alipiga yowe na kumwaga chungu cha mboga. Na siku hizi hutoweka adhuhuri, akarudi na michubuko miguuni na vumbi la magome kwenye khanga.

"Umeingia chumbani mwangu?" mzee alimuuliza jioni ile.

"Nilifagia, baba."

"Ulifagia, na majivu yakabaki palepale?"

Marselina aliinamisha kichwa. Mke wa mwana kuingia chumba cha baba mkwe ni aibu. Anayekubali aibu ile halafu akanyamaza, basi ana lake jambo.

Kesho yake mzee alikwenda kwa Kondo, balozi wa nyumba kumi.

"Jumapili mwanangu Beda anakuja kutoka kazini Mikumi. Nataka uwepo nikimwambia amrudishe mkewe kwao."

"Kwa sababu ya buibui, mzee wangu?"

"Kwa sababu ya roho mbaya. Leo sumu kwa buibui, kesho kwenye uji wangu."

Kondo alikuna kidevu. "Usivunje nyumba ya mwanao kwa jambo ambalo hujaliona kwa macho."

Jumamosi asubuhi buibui alikuwa amekunja miguu yote chini ya tumbo. Mzee alimdondoshea maji. Tone lilitiririka likapotea. Alipogeuka, alimwona Marselina mlangoni, macho yakiwa sandukuni. Mwanamke yule aliondoka haraka bila hata kumwamkia.

Adhuhuri alitoka na kopo tupu la maziwa ya unga amelificha ndani ya khanga. Mara mbili alitazama nyuma. Mzee alimfuata kwa mbali, fimbo mkononi.

Marselina alivuka mto kwa kukanyaga mawe, akashika njia iliyoanza kumezwa na majani, hadi kwenye mahame ya kijiji chao cha zamani. Nyumba zilibaki kuta tu. Nyuma ya lililokuwa jiko la Hildegarda uliota utupa, mmea ambao watu huuponda kulevya samaki. Mzee alijibanza ukutani. Kumbe sumu inatoka hapa, kwenye kiwanja cha marehemu mwenyewe!

Lakini Marselina aliupita utupa bila kuutazama. Alifunga khanga kiunoni, akapanda mkwaju uliokuwa nyuma yake, akaingiza kijiti kwenye ufa wa gome. Alikuwa analia. Alikaa juu kule muda mrefu, kisha akashuka akichubuka, kopo amelikumbatia.

Mzee akamtokea.

"Fungua hilo kopo."

"Baba, tafadhali."

"Nimesema fungua!"

Alifungua, uso ameugeuzia pembeni. Ndani, buibui mwenye manyoya alinyanyua miguu ya mbele.

"Umemwiba sandukuni!"

"Hapana, baba," Marselina alisema. "Yule wa mama alikufa siku ile ya lori. Huyu ni wa nne."