Viatu Juu ya Kaunta

Kama ilivyo ada ya kituo cha polisi, Masunga alikuwa amevuliwa viatu kabla ya kuingizwa mahabusu kwa kosa la kumpiga jirani. Mchana shangazi yake akaja analia: mama yake Masunga amefariki, maziko ni alasiri, na mwana wa kumpokea kaburini ni yeye tu.

Sajini Nyamizi, mkuu wa zamu, akachukua funguo.

"Afande, huyo harudi," Konstebo Kihwele akamwonya. "Watu wa mtaa huu wanavyotuchukia, watamficha."

"Tumewahi kuwaamini lini?" Nyamizi akauliza, akafungua.

Masunga akanyoosha mkono kuchukua viatu vyake juu ya kaunta.

"Viache," Nyamizi akamwambia. "Kaburini unaingia peku. Kamzike mama, kisha uje uvifuate."

Masunga akatoka mbio.

"Na asiporudi?" Kihwele akaguna.

Nyamizi akainama, akafungua kamba za buti zake, akazivua na kuziweka juu ya kaunta kando ya vile viatu vilivyochakaa. "Asiporudi, mahabusu nitaingia mimi."

Akaendelea na kazi, peku juu ya saruji ya baridi. Habari ikazagaa. Waliokuja na shida zao walihudumiwa lakini hawakuondoka. Walikaa barazani, wanatazama njia ya makaburini.

Jua lilipoanza kuzama, watu wote barazani wakasimama kwa pamoja, wakaacha njia katikati. Nyamizi hakuchungulia. Alivipangusa vumbi viatu vya Masunga kwa mkono wa sare yake, akavigeuza vielekee mlangoni.