Digidigi Ahakiki Kitabu cha Bi Korongo

Zama hizo wanyama walipokuwa na shule yao, palitangazwa tuzo kwa mwanafunzi atakayehakiki vizuri zaidi kitabu kipya cha Bi Korongo. Digidigi, mwoga hata wa kivuli chake, alikisoma akakipenda, lakini uhakiki wake ukaishia kwenye lawama.

Siku ya tuzo, Kasuku ndiye aliyetangulia jukwaani. "Kitabu ni kitamu tangu mwanzo," alisema, "na ule mwisho ulinitoa machozi." Ukumbi mzima ukampigia makofi.

Zamu ya Digidigi ilipofika, alipanda jukwaani polepole. Alitamani kuyameza maneno yake, ila hakuwa na mengine.

"Shikamoo, Bi Korongo," alisema kwa sauti ndogo. "Unisamehe, kitabu chako hakina mwisho. Kifaranga kapotea msituni, mama yake anamwita, mara kurasa zimekwisha. Nilikosa usingizi, nikaona bora nimrudishe nyumbani mwenyewe."

Akausoma mwisho alioutunga, na mama kanga mmoja pale nyuma akajifuta macho.

Bi Korongo alifunua nakala moja, akafunua ya pili na ya tatu. Mchapaji alikuwa ameisahau sura ya mwisho katika nakala zote.

"Kumbe ni wewe tu uliyekisoma," alisema akicheka, akampa tuzo ya uhakiki na ya ubunifu pia.

Walipotoka nje, Kasuku alimsogelea Digidigi taratibu. "Dada, niazime basi hicho kitabu," alinong'ona. "Huyo kifaranga alipoteaje?"